Maswali ya Wasomaji: Nimevunjika Moyo, na Bado Namwamini Kristo

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja. Wanaoziandika ni watu wanaoamini, wanaokwenda ibadani, wengine wanaongoza ibada hiyo, na bado tumaini limewaishia. Tumezifupisha na kuondoa majina. Aya za Biblia ni za tafsiri ya Union.

Nikipiga magoti naishia "Baba yetu uliye mbinguni", halafu kimya. Zamani nilikuwa naomba saa nzima. Sasa nikijilazimisha kusifu naona kama nadanganya, maana midomo inasema jingine na moyo jingine. Je, nisubiri hali irudi ndipo niombe?
*Mwalimu wa shule ya Jumapili*

Usisubiri, ila badilisha namna ya kuomba. Unachojaribu kufanya ni kuanzia mahali ambapo hupo. Wengi tumefundishwa kwamba sala huanza na sifa, ikafuata shukrani, ndipo mahitaji. Utaratibu huo ni mwema, lakini sio pekee uliomo katika Maandiko. Kati ya zaburi 150, karibu theluthi ni maombolezo, na nyingi kati ya hizo huanza na kilio moja kwa moja.

Tumia Zaburi ya 13 kama kielelezo. Ina aya sita tu. Aya mbili za kwanza ni malalamiko: "hata lini" inarudiwa mara nne, na anayeulizwa ni Mungu mwenyewe, bila kuombwa radhi kwanza. Aya ya 3 na ya 4 ni ombi: "uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu." Mbili za mwisho ni za kutumaini. Angalia kwamba hakuna kilichobadilika nje kati ya aya ya kwanza na ya sita. Adui yupo palepale. Kilichotokea ni kwamba mtu amesema yote mbele ya Mungu kwa mpangilio.

Sasa ifanye iwe yako. Tenga dakika 15, daftari na kalamu, wakati wa asubuhi au jioni mapema. Tunasisitiza kuandika kwa sababu mawazo ya mtu aliyevunjika moyo huzunguka palepale, na kalamu huyalazimisha kwenda mbele. Dakika tano hadi saba za mwanzo andika malalamiko, nayo yawe mahususi. "Maisha ni magumu" haitoshi. Andika "nimetafuta kazi mwaka mzima, kila mlango umefungwa, na Wewe umenyamaza." Hilo neno "Wewe" ndilo linalotenganisha maombolezo na manung'uniko. Waisraeli jangwani walinung'unika hemani mwao, wao kwa wao. Daudi alimwambia Mungu usoni. Baada ya hapo andika ombi moja, dogo kiasi kwamba wiki ijayo utaweza kusema limejibiwa au la: usingizi wa usiku huu, ujasiri wa kwenda kuonana na mtu fulani. Malizia na sentensi moja ya tumaini.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayowakwaza wengi. Wengine huirukia kabla hawajalalamika, ikatoka tupu. Wengine hujaribu kuandika wanachohisi, na hawahisi kitu. Mtunga zaburi hakuandika anachohisi, aliegemea jambo lililokwisha kutendeka: "kwa kuwa amenitendea kwa ukarimu." Kwa hiyo tafuta jambo moja ambalo Mungu alikutendea zamani, ulitaje kwa jina lake. Ukikosa la kwako, la Kristo lipo: alisulubiwa, akafufuka. Na kama leo hata hilo haliandikiki, funga daftari hapohapo. Zaburi ya 88 inamalizikia kwenye neno "gizani", haina mstari wa furaha popote, lakini inaanza kwa kumwita Mungu "Mungu wa wokovu wangu." Waliokusanya zaburi waliiacha ilivyo.

Tahadhari mbili. Usizidishe dakika 15 wiki za mwanzo, maana ukikaa saa nzima juu ya malalamiko unaanza kutafuna uchungu badala ya kuutoa. Na usifanye zoezi hili kitandani usiku; litakufukuzia usingizi. Kila baada ya siku saba rudia kurasa za nyuma, uweke alama kwenye ombi lililojibiwa. Moyo uliochoka husahau mema haraka kuliko mabaya.

Siku ambayo hata kalamu ni nzito, tumia sala za kurithi. Baba Yetu inatosha. Wakristo wa Mashariki, kama Waorthodoksi, wana sala yao fupi ya karne nyingi, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie," nusu ya kwanza ukivuta pumzi, ya pili ukiitoa. Kuomba kwa maneno ya watu wengine si unafiki, Yesu mwenyewe msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22. Na Warumi 8:26 inakiri wazi kwamba hatujui kuomba itupasavyo, ndiyo maana Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Kila nikieleza shida zangu kanisani nasomewa Yeremia 29:11 na kuambiwa nikiri ushindi, nisitamke udhaifu. Nimekiri kwa miezi. Naanza kuona kwamba ahadi hiyo ni ya wengine.
*Msomaji aliyechoka kukiri*

Ahadi ile ya amani na tumaini ilitolewa kwa watu waliokuwa na hali mbaya kuliko yako, nayo ilikuja na tarehe. Wanaokusomea aya ya 11 wanairuka ya 10, inayotaja miaka 70. Barua ya Yeremia iliandikwa kwa mateka waliochukuliwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Sura ya 28 inaeleza kwamba nabii mwingine, Hanania, alikuwa anahubiri kitu kitamu zaidi: miaka miwili tu, kila kitu kitarudi. Hanania ndiye aliyekuwa na ujumbe wa "kiri ushindi", na Biblia inamwita mwongo. Wengi walioisikia barua ya Yeremia walijua watafia ugenini.

Sasa soma aya ya 5 hadi ya 7. Wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wauombee amani mji ule ule uliowateka. Tumaini la aya ya 11 linawakuta watu wenye jembe mkononi, mahali wasipopapenda. Chukua karatasi, ichore mstari katikati. Upande mmoja andika unachosubiri Mungu akifanye, ambacho huna uwezo nacho. Upande wa pili andika "bustani" yako, yaani kitu kimoja unachoweza kukipanda hapo ulipo hata kama hali haitabadilika mwaka huu: somo, urafiki, deni dogo la kulipa, chumba cha kusafisha. Upande wa kwanza uuombee. Wa pili ufanyie kazi, jambo moja kwa wiki.

Kuhusu kutotamka udhaifu: Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika barua iliyokusudiwa kusomwa hadharani, kwamba "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi" (2 Wakorintho 1:8). Kama mtume aliyatamka hayo, nawe unaruhusiwa. Hata ile "nayaweza mambo yote" ya Wafilipi 4:13 inatoka kwa mtu aliye kifungoni, na aya iliyotangulia inahesabu kuona njaa kuwa mojawapo ya hayo mambo yote.

Kanuni ya kujilinda: ukipewa aya moja, soma kumi zilizoitangulia na kumi zinazoifuata, ujiulize aliambiwa nani, akiwa wapi, na alisubiri muda gani.

Ni mwezi wa pili sasa. Nashtuka saa tisa usiku, silali tena mpaka kunakucha. Chakula hakina ladha, kazi niliyoipenda imenitoka, najiona mzigo kwa watoto wangu. Mchungaji aliniombea nikatulia siku mbili, ikarudi. Dada yangu ambaye ni muuguzi anasema niende hospitali. Je, nikienda si ndiyo kusema maombi yameshindwa?
*Mama wa watoto watatu*

Mama, dada yako ana haki. Nenda wiki hii.

Huzuni ya kawaida hupanda na kushuka: unalia asubuhi, mchana mtoto anakuchekesha. Unayoieleza haina nafasi ya kupumua. Madaktari huanza kufikiria sonona pale ambapo huzuni, au kutovutiwa na chochote, imekaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, ikiambatana na mengine kama usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, uchovu usio na sababu, kujiona hufai, akili kutotulia, au mawazo ya kifo. Wewe una wiki nane hivi na umetaja manne ndani ya barua fupi. Kuamka alfajiri mno na kushindwa kulala tena ni dalili wanayoifahamu vizuri.

Kabla ya kwenda andika mambo haya kwenye karatasi, kwa sababu ukifika mbele ya daktari utasema "nimechoka tu": ilianza lini, unalala saa ngapi, uzito umepungua au la, dawa unazotumia zikiwemo za mitishamba na za uzazi wa mpango, kama umejifungua ndani ya mwaka mmoja uliopita, na kama umewahi kuwaza kufa. Hilo la mwisho liseme hata likikutia haya. Daktari anaweza kutaka vipimo vya damu, maana upungufu wa damu na tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri humchosha mtu kwa namna inayofanana sana na sonona.

Matibabu ni mazungumzo na mtaalamu, au dawa, au vyote viwili. Kwa upande wa dawa, watu hukosea mahali pawili. Kwanza huziacha mapema wakisema hazifanyi kazi. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonyesha matokeo, wakati mwingine zaidi, na mara nyingi usingizi na hamu ya kula hutangulia moyo kutulia. Kichefuchefu au kutotulia kwa siku za mwanzo mweleze daktari, usikate dozi kimyakimya. Pili, wakipata nafuu huziacha siku moja kwa furaha. Daktari kwa kawaida hutaka uendelee kwa miezi kadhaa baada ya kupona, mara nyingi sita au zaidi, kisha apunguze kidogo kidogo. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu na wasiwasi, na ugonjwa wenyewe huweza kurudi. Ushuhuda wa "nimetupa vidonge kwa imani" umewaumiza watu wengi, na tungependa usitolewe madhabahuni.

Sasa kuhusu maombi kushindwa. Mfalme Hezekia alipougua aliomba kwa machozi, Mungu akamwongezea miaka 15, na nabii yuleyule aliyeleta jibu akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38). Maombi na dawa vilikuwa katika chumba kimoja. Paulo alisafiri na Luka, anayemwita "tabibu mpendwa."

Ila sura tunayotaka uisome polepole ni 1 Wafalme 19. Eliya ametoka tu kuona moto ukishuka Karmeli. Siku chache baadaye yuko chini ya mretemu jangwani, anasema "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Hesabu Mungu anachofanya. Eliya analala. Malaika anamgusa, kuna mkate na maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula: "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Hakuna mahubiri hapo, wala karipio. Swali la "unafanya nini hapa" linakuja baadaye, Horebu, baada ya safari ya siku 40, mwili ukiwa umerudishiwa nguvu. Anayekuuliza kuhusu imani yako kabla ya kukuuliza kama umelala na kula anaufuata mpangilio ambao Mungu hakuufuata.

Wala usidhani ni ugonjwa wa waumini wachanga. Charles Spurgeon, mhubiri wa London aliyejaza kumbi, alishikwa na vipindi vya giza kwa miaka mingi. Mwaka 1856, akiwa na miaka 22, mtu alipiga kelele za moto wakati wa ibada yake katika ukumbi wa Surrey Gardens, watu saba wakafa katika mkanyagano, naye akaporomoka kabisa kwa muda. Alirudi mimbarani, na aliwazungumzia waziwazi wanafunzi wake wa uchungaji kuhusu kuzimia moyo.

Wakati unatibiwa, mchungaji abaki na kazi yake: kukuombea, kukuletea Meza ya Bwana ukishindwa kufika, kupanga nani akae na watoto siku ya kliniki. Na kama wazo la kuwa mzigo litageuka kuwa mpango wa kujidhuru, usisubiri miadi. Mwambie dada yako saa hiyohiyo, usibaki peke yako, mwende hospitali siku hiyo.

Nimeshauriwa nifunge siku tatu ili kuvunja roho ya kukata tamaa. Nile au nisile?
*Kijana*

Kama unakula na kulala vizuri na shida yako ni uvivu wa kiroho, funga mlo mmoja, utumie muda ule kuomba, inatosha kuanzia. Lakini kama hamu ya kula imekwisha, usingizi haupo, una vidonda vya tumbo, kisukari, mimba, unanyonyesha au unatumia dawa zinazotaka chakula, usifunge. Mwili wenye njaa na usingizi haba hutengeneza woga wake wenyewe, nawe utauita pepo. Funga kitu kingine: simu baada ya saa tatu usiku, kwa wiki mbili.

Ninarudia dhambi ileile. Nimeungama mara zisizohesabika. Sasa nimesoma kuhusu dhambi isiyosameheka na siwezi kutulia, naona Mungu amenichoka na tumaini langu limekwisha.
*Msomaji asiyetaka kutajwa*

Anza na hiyo dhambi isiyosameheka, kwani itakunyima usingizi bure. Marko 3:28-30 inaeleza mazingira: waandishi walimwona Yesu akitoa pepo, wakasema kazi hiyo ni ya pepo mchafu. Ni ukaidi wa kuiita nuru giza, wala hautaki msamaha. Mtu anayelia kwa kuogopa kwamba ametenda dhambi hiyo anautaka msamaha, na kwa hiyo hayuko mahali walipokuwa wale. Makasisi na wachungaji wamelijibu swali hili hivyohivyo kwa muda mrefu.

Kisha tenganisha hatia za aina mbili. Kuna hatia yenye jina: "Jumanne nilimdanganya fulani." Hiyo ina njia. Iungame mara moja kwa maneno yaleyale yaliyo wazi (1 Yohana 1:9), rekebisha kinachorekebishika kwa mtu uliyemkosea, na umweleze mtu mmoja aliyekomaa anayetunza siri, kama Yakobo 5:16 inavyoagiza. Dhambi inayojirudia mara nyingi hustawi kwa kufichwa, na yule mtu mmoja ndiye anayekosekana katika maungamo yako yote hayo. Mpangie muda wa kuonana kila wiki, muulizane bila kuzunguka. Chunguza pia saa na mahali unapoanguka: ni usiku, ukiwa peke yako, baada ya ugomvi? Badilisha kitu hapo, kwa mkono, kabla ya kuongeza maombi.

Hatia ya aina ya pili haina jina. Ni ukungu: "mimi ni mbaya tu." Hiyo usiiungame, kwa sababu kila ukiiungama unailisha. Kwa dhambi iliyokwisha kuungamwa weka sharti hili: ikirudi akilini, shukuru kwa msamaha kwa sentensi moja, uendelee na ulichokuwa ukifanya. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliteswa na jambo hili huko Manresa, Hispania, mwaka 1522. Aliungama tena na tena yaliyokwisha kusamehewa mpaka akajaribiwa kujiua, na akapata amani alipoamua kutorudia kuungama ya zamani. Ikiwa huwezi kujizuia kabisa, hata kwa msaada wa kiongozi wako wa kiroho, hilo nalo ni la kupeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili. Linatibika.

Nasoma mpango wa Biblia nzima kwa mwaka. Nimeachwa nyuma wiki sita, na kila nikifungua nasikia kushindwa. Niendeleeje?
*Mwanakwaya*

Futa hizo wiki sita. Hakuna aliyekudai. Kwa sasa chukua zaburi moja fupi asubuhi na nusu sura ya Marko jioni. Marko ina sura 16, kwa hiyo ni kama mwezi mmoja. Soma kwa sauti, maana macho yaliyochoka hupita juu ya maneno. Ukikosa siku, usilipe, endelea ulipoishia. Kitabu cha Maombolezo kiache kwanza mpaka uwe na wa kukisoma naye. Watu hukikimbilia kwa sababu ya ile aya tamu ya 3:22-23, kuhusu rehema zilizo mpya kila siku asubuhi, wakashtuka kukuta kilio kinarudi baada yake na kitabu kinaisha bila suluhisho.

Mimi ni mzee wa kanisa. Naongoza kikundi cha maombi, naimba, nahesabu sadaka, nazika, naozesha. Ndani nimekauka. Nikijiuzulu nitaonekana nimerudi nyuma.
*Mzee wa kanisa*

Mzee wetu, shikamoo. Kabla ya kujiuzulu, hesabu. Andika kila kazi ya kanisa unayoifanya kwa wiki na saa zake. Weka alama kwenye zile ambazo mtu mwingine angeweza kuzifanya hata kama si kwa ubora wako. Musa alikuwa na tatizo lako, akaketi tangu asubuhi hata jioni akiamua kesi, na mkwewe Yethro akamwambia jambo hilo ni zito mno kwake. Wakapatikana wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Baadaye, katika Hesabu 11, alilemewa tena hadi akaomba kufa, na Mungu akampa wazee 70 wa kubeba naye. Ona kwamba mara zote mbili jibu lilikuwa watu.

Peleka orodha yako kwa mchungaji ukiwa na pendekezo tayari: kazi mbili unazobaki nazo, nyingine zikabidhiwe ndani ya wiki nane, kila moja kwa mtu utakayemfundisha mara mbili tatu. Omba pia mwezi mmoja wa kukaa kwenye benchi kama muumini wa kawaida, na tangazo litolewe mapema ili maneno yasizuke. Kinachoharibu mipango ya namna hii ni mwenyewe kurudi kusahihisha. Kijana akihesabu sadaka polepole, mwache.

Na ukavu wenyewe una historia ndefu. Watawa wa jangwa la Misri katika karne ya 4 waliujua vizuri. Mmoja wao, Evagrius, aliuita pepo wa adhuhuri, anayemfanya mtu aone jua halisogei na kazi yake haina maana. Inasimuliwa kwamba mtawa mwingine wa jangwa hilo, Antonio, alipokuwa katika hali hiyo alionyeshwa mtu aliyeketi akisuka kamba, akasimama akaomba, akaketi akasuka tena. Tafuta kazi ya mikono isiyo na cheo wala wasikilizaji, saa moja kwa siku, sala fupi ikiwa katikati yake.

Rafiki yangu wa karibu amepoteza tumaini kabisa. Nilimtumia aya za kumtia moyo kila siku, sasa hajibu. Nimekosea wapi?
*Dada anayehangaika*

Umekosea kidogo tu, dada, na inarekebishika. Mithali 25:20 inamfananisha anayemwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni na avuaye nguo wakati wa baridi. Aya zako zote ni za kweli, ila kila moja inamtaka ajibu "amina" asiyokuwa nayo. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za mwanzo walipoketi naye chini kimya. Waliharibu walipofungua mdomo kueleza sababu.

Acha aya kwa wiki moja. Mtumie ujumbe usiodai jibu: "Nitapita Alhamisi saa kumi na chakula. Kama hutaki kuongea, nitakiacha mlangoni." Usiseme "ukihitaji chochote niambie", aliyezama hana nguvu ya kutafuta anachohitaji. Ukikaa naye, uliza "usiku unakuwaje?" kuliko "unaendeleaje?" Usianze sentensi na "angalau". Usimhadithie aliyepona kwa siku moja. Akisema amemkasirikia Mungu, usimtetee Mungu. Ukitaka kuomba, muulize kwanza, omba kwa nusu dakika, kwa maneno aliyoyatumia yeye.

Kuna swali moja lazima uliulize ikiwa anaongea kuhusu kuchoka kuishi, anagawa vitu vyake au anaaga: "Unawaza kujiua?" Litamke hivyohivyo. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafuu kwamba kuna anayeweza kulisikia. Akikubali, uliza kama ana njia na siku aliyopanga. Usimwache peke yake, ondoa au fungia dawa, sumu na chochote alichotaja, piga simu kwa ndugu yake mmoja, mfikishe hospitali. Usimwahidi kutunza siri hiyo. Mkesha wa maombi unaweza kufanyika palepale hospitali.

Ikiwa hali si ya hatari, jipange kwa muda mrefu na usiwe peke yako. Tafuta wengine wawili, mgawane siku: mmoja chakula, mmoja kumsindikiza kutembea nusu saa nje, mmoja kukaa naye ibadani, karibu na mlango ili aweze kutoka bila kutazamwa. Weka kumbukumbu kwenye simu ya wiki ya sita na ya mwezi wa tatu, kwa sababu wiki za mwanzo wageni huwa wengi na kufikia hapo karibu wote huwa wameacha kuja.